Mawe Hayakimbii

Haya ni maneno niliyoyatoa mbele ya mkusanyiko wa wachezaji wa Pokémon, zile gemu za kukamata viumbe na kuwapambanisha, kila kiumbe akiwa na aina yake: maji, moto, mawe na kadhalika. Nimeyaandika yote kwa ajili ya waliokosa kufika.

Ndugu zangu wachezaji, nawasalimu. Nawasalimu ninyi mlioanza na Game Boy, mkisogea dirishani ili muone kilichomo kwenye kioo. Nawasalimu mlioanza na DS. Na ninyi wadogo zangu ambao gemu yenu ya kwanza ni Scarlet au Violet, mnaotutazama sisi wengine kama visukuku vilivyochimbwa jana, nawasalimu pia.

Waandaaji waliniambia nichague aina moja ya Pokémon niisemee. Nadhani walitegemea majoka, maana kila mtu husemea majoka. Nimechagua mawe.

Kwanza naomba mikono juu. Nani ana Pokémon wa mawe kwenye timu yake hivi leo? Naam, mikono si haba. Sasa wenye Tyranitar, shusheni mikono. Mnaona? Imebaki ya kuhesabu. Tyranitar mnampenda kwa sababu ni jitu la kubomoa milima, wala si kwa sababu ni jiwe. Mimi nimekuja kuwasemea wale wengine: Geodude anayewachosha pangoni, Onix mnayemcheka, Sudowoodo, Shuckle, Nosepass na pua yake.

Tuanze na aibu, tuimalize mapema.

Wahenga walisema mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Wahenga hawakucheza Pokémon. Humu mpiga ngumi ndiye anayeshinda, na ukuta ndio unaoumia: pigo la aina ya wapiganaji likilipata jiwe linahesabiwa mara mbili. Maji yanalivunja jiwe. Majani yanalivunja jiwe. Ardhi, ambayo ungedhani ni ndugu wa damu, nayo inalivunja jiwe. Halafu mwaka 1999 zikaja gemu za Gold na Silver na aina mpya ya chuma, na chuma nacho, kabla hata hakijazoeleka, kikaanza kuvunja mawe. Hao ni maadui watano. Katika aina zote 18 tulizonazo leo, ni majani peke yake yenye maadui wengi kiasi hicho.

Na hapo nazungumzia jiwe tupu. Katika kizazi cha kwanza cha gemu, ukiwaweka kando wale waliofufuliwa kutoka visukuku, kila Pokémon wa mawe alichanganywa na ardhi: Geodude na ukoo wake, Onix, Rhyhorn na Rhydon. Mchanganyiko huo ukikutana na maji au majani, pigo halihesabiwi mara mbili tena, linahesabiwa mara nne. Golem ana kilo 300. Bulbasaur ana kilo 6.9. Bulbasaur anatoa kamba moja ya majani, na kilo 300 zinalala chini. Wenyewe mmeliona hilo, tena mkacheka.

Na Onix je? Onix ana urefu wa mita 8.8. Ukikutana naye mara ya kwanza, anajaza kioo. Sasa fungua takwimu zake. Ulinzi wake ni 160, na hapo namvulia kofia. Lakini nguvu yake ya kushambulia ni 45. Mnajua nani mwingine ana 45? Pidgey. Yule ndege wa njia ya kwanza kabisa, anayeparua mchanga kwenye majani. Na uhai wa msingi wa Onix ni 35, sawasawa na wa Pikachu. Mita 8.8 za mawe, moyo wa Pikachu, ngumi za Pidgey!

Mwenye haraka atasema waundaji walikosea hesabu. Mimi nasema hawakukosea. Twendeni mji wa Pewter City mnielewe.

Brock ndiye kiongozi wa kwanza wa jimu, ule ukumbi wa mapambano wa mji, katika gemu za Red na Blue. Ana Pokémon wawili tu: Geodude wa levo 12 na Onix wa levo 14. Kagueni mapigo yao. Geodude ana Tackle na Defense Curl. Onix ana Tackle, Screech na Bide. Mmesikia pigo la mawe hapo? Mimi sijalisikia. Ni jimu ya mawe ambayo hairushi hata kokoto! Kama lengo lilikuwa kukuumiza, wangempa Onix kitu cha kukuumizia. Hawakumpa. Walimweka asimame njiani.

Mdogo wangu mmoja alipoanza kucheza alichagua Charmander, kwa sababu ya ule mkia wenye moto. Akafika kwa Brock na pigo moja analoliamini: Scratch. Akaparua. Onix hakutikisika. Akaparua tena. Hakuna. Akarudi majanini, akaongeza levo, akaja akaparua kwa nguvu zaidi. Nilikaa pembeni nimeuma ulimi, sikutaka kumwambia kitu. Alikuwa ameshasikia kwamba moto hauwezi mawe, na ni kweli, mawe hupunguza moto nusu, kwa hiyo Ember, pigo lake la moto, hakuigusa. Mpaka siku amechoka, akaibonyeza ilimradi. Na uhai wa Onix ukaporomoka.

Kwa nini? Kwa sababu ule ulinzi wa 160 ni dhidi ya kucha, meno na ngumi. Katika gemu hizo za mwanzo, moto hupimwa kwa takwimu nyingine, Special, na Special ya Onix ni 30. Thelathini! Yule mtoto aligeuka akaniangalia kama aliyegundua siri ya serikali. Kuanzia siku ile hakupigana tena bila kufungua ukurasa wa takwimu. Nani alimfundisha? Si mimi. Ni jiwe lililosimama njiani likakataa kusogea.

Waundaji wenyewe walijua mlango huo ni mgumu. Mwaka 1998 Wajapani walipopata Yellow, ambamo unaanza na Pikachu, umeme haukuweza kumgusa Onix hata kidogo, kwa sababu ya ile ardhi iliyo ndani yake. Walifanya nini? Waliweka Mankey, mpiganaji, kwenye nyasi za Route 22, hatua chache kabla ya hapo. Mwaka 2004, FireRed na LeafGreen zilipotoka, Charmander akapewa Metal Claw, pigo la chuma, kwenye levo ya 13. Mlango wakauacha palepale. Walichoongeza ni funguo.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Moto ni silaha. Umeme ni silaha. Joka ni silaha. Jiwe ni mahali. Nasema tena: jiwe ni mahali. Ukimpima Pokémon wa mawe kwa jinsi anavyopiga utamdharau kila siku, na utakuwa na haki. Mpime kwa kinachowapata wengine wanapofika alipo yeye.

Mnataka ushahidi? Chukueni Johto, eneo la Gold na Silver, kwenye njia iitwayo Route 36. Kuna mti umeziba njia. Huwezi kuukata. Huwezi kuuzunguka. Wote tuliocheza Gold na Silver tuliugonga ule mti kwa herufi A kama wendawazimu. Mpaka umshinde Whitney, kiongozi wa jimu ya mji wa Goldenrod, uende duka la maua la hapohapo, upewe chombo cha kumwagilia, urudi, umwagilie. Na mti unakurukia! Ni Sudowoodo, na Sudowoodo si mti. Ni jiwe linaloigiza mti.

Pokédex, ile kamusi ya viumbe iliyo ndani ya gemu, inasema anachukia maji. Inasema mikono yake hubaki ya kijani mwaka mzima, hivyo majira ya baridi, miti mingine ikipukutisha majani, yeye anaumbuka. Hebu fikirieni kiumbe huyu. Ana ugumu wa jiwe, lakini anaona bora adhaniwe mti. Na kama angekuwa mti kweli, maji yasingemtisha! Amejificha ndani ya kitu ambacho kila mwenye huruma atakimwagilia. Mimi huwa namcheka, halafu namwonea huruma, halafu namcheka tena. Kama ningeambiwa nichague Pokémon mmoja wa mawe aliyebuniwa na mtu mwenye akili ya mshairi, ningemtaja huyo bila kusita. Na angalieni kazi aliyopewa: kuziba njia. Hashambulii nchi, hamlindi mfalme. Anaziba njia.

Sasa twende kwenye jambo zito. Wachezaji wa ushindani, kaeni vizuri.

Mwaka 2006, na Diamond na Pearl, lilikuja pigo linaloitwa Stealth Rock. Ukilitumia, halimpigi mtu. Mawe yenye ncha yanaelea upande wa mpinzani, basi. Zamu yako imekwisha, hujamtoa mtu hata tone. Mgeni anayetazama atauliza, sasa umefanya nini? Subiri. Kila Pokémon wa mpinzani anayeingia uwanjani kuanzia hapo anachomwa. Asiye na udhaifu wala ukinzani kwa mawe anapoteza asilimia 12.5 ya uhai wake wote. Mwenye udhaifu wa kawaida, 25. Mwenye udhaifu wa mara nne, 50. Nusu! Nusu ya uhai kwa kosa la kuingia!

Na nani hao wa mara nne? Charizard, kipenzi cha kila mtu. Moltres. Articuno. Ho-Oh, mkubwa wa rangi saba. Volcarona. Baada ya mwaka ule, kila mtu aliyejenga timu alilazimika kujiuliza swali moja kabla ya mengine yote: mawe yakiwekwa, nitafanyaje? Kuna Pokémon walioachwa kabisa kwa sababu ya swali hilo. Wengine walipata ajira kwa sababu tu wanajua kuyafagia, kwa Rapid Spin, na baadaye kwa Defog. Pigo moja lisilompiga mtu lilibadilisha mchezo mzima, ukiwemo mchezo wa watu ambao hawana jiwe hata moja.

Nina rafiki, mkaidi, ambaye hataki kumwacha Charizard. Alikaa na karatasi akapiga hesabu. Charizard wa levo 100, aliyezaliwa na uhai bora na asiyefunzwa kuuongeza, ana uhai wa 297. Ni namba witiri. Nusu yake inashushwa: 148. Akiingia mara ya kwanza anabaki na 149. Akiingia mara ya pili anapoteza 148 nyingine, na anabaki na moja. Moja! Yu hai! Ungemwona rafiki yangu anavyofurahia ile moja. Sasa niambieni, nani aliyemfundisha mtu mzima kupenda namba witiri?

Halafu kuna hili. Aliyeyaweka mawe yale anaweza kuzimia zamu inayofuata. Golem anaanguka, anarudi kwenye mpira anamobebwa, na mawe yanabaki. Mpinzani asipoyafagia, yatabaki hadi mwisho wa pambano. Silaha zote zinaondoka na mwenye nazo. Mahali panabaki.

Nikiri hapa kwamba wengi wanaoliweka pigo hili wala si mawe. Clefable huliweka. Blissey huliweka. Heatran huliweka. Hata mali yao ya thamani zaidi, mawe wameazimisha jirani. Inaniudhi kidogo, siwafichi.

Na kwa kuwa tuko kwenye maudhi, nitoe na hili moja rohoni: mawe hayajui kulenga. Stone Edge, lile pigo kubwa, hufika mara 80 kati ya 100. Rock Slide 90. Na katika Red na Blue, Rock Throw ilikuwa 65! Mpinzani ni Snorlax, ni mkubwa kama nyumba, amelala, na unamkosa kwa jiwe. Ndugu zangu, kuna mapambano tumepoteza humu ambayo hakuna maelezo mengine zaidi ya hayo. Na Graveler wa pangoni? Umemdhoofisha kwa uangalifu, umetoa mpira, unajiandaa kurusha, na yeye anajilipua. Huyo sina la kumtetea.

Kuhusu mchanga nitapita haraka, maana wenye Tyranitar wameshashusha mikono. Tangu Ruby na Sapphire, Tyranitar akiingia tu, dhoruba ya mchanga inaanza, na kila asiye jiwe, ardhi au chuma anakatwa sehemu moja ya kumi na sita ya uhai wake kila zamu. Tangu 2006 dhoruba hiyo inawaongezea mawe nusu nzima ya ulinzi wao maalumu. Mpaka ilipofika 2013 haikukoma yenyewe, iliendelea mpaka mtu mwingine alete hali nyingine ya hewa. Huyo ndiye Tyranitar ninayemheshimu mimi: anayeleta jangwa. Yule wa kung'ata na kubomoa nawaachia ninyi.

Ila katika mchanga huohuo kuna kisa siwezi kukiruka. Mnamjua Aron? Mtoto wa chuma na mawe, mwenye kichwa kama kofia. Tangu Black na White, uwezo unaoitwa Sturdy humwezesha mwenye uhai kamili asizimie kwa pigo moja, anabaki na uhai wa moja. Basi wajanja wakaleta Aron wa levo 1 kwenye mapambano ya levo 100. Watu wakacheka. Joka likampiga kwa nguvu zote, Aron akabaki na moja. Akajibu kwa Endeavor, pigo linalomshusha mpinzani mpaka walingane uhai. Joka nalo likabaki na moja! Aron ameshika Shell Bell, inamrudishia uhai wake wote, Sturdy inasimama tena upya. Na mchanga, uliokwisha kuletwa na Tyranitar, unapita taratibu na kulimaliza joka. Aron mwenyewe mchanga haumgusi. Kijiwe cha levo 1! Kuna watu wazima waliozima mashine zao kwa hasira kwa ajili ya mtoto yule, na baadhi yao nawaona humu ndani.

Sasa nigeuze ukurasa. Mmewahi kujiuliza kwa nini Omanyte ni jiwe?

Omanyte ni kiumbe wa baharini mwenye gamba kama la konokono, ametolewa kwa amonaiti wa kale. Mwili wake ni laini. Anaishi majini. Kabuto ni kama kaa wa kiatu cha farasi. Aerodactyl ni mjusi arukaye. Hakuna hata mmoja wao aliyejengwa kwa mawe kama Golem. Lakini wote watatu ni aina ya mawe. Baada yao Lileep na Anorith, Cranidos na Shieldon, Tirtouga na Archen, Tyrunt na Amaura: wote mawe. Kwa nini? Mimi naona hivi: ni kwa sababu ya walikolala. Jiwe liliwashika mamilioni ya miaka mpaka likawaingia. Hawa ni viumbe ambao makazi yao yamekuwa sehemu ya mwili wao. Niliwaambia jiwe ni mahali, au sikuwaambia?

Na nina hakika kila mkongwe hapa anakumbuka pango la Mt. Moon. Visukuku viwili chini, wewe uchukue kimoja, kingine anachukua yule mtaalamu uliyemshinda. Hakuna kurudi. Na hujui hata ni cha nini! Unakibeba mfukoni nusu ya gemu, mpaka Cinnabar Island, ndipo maabara inakifufua. Mwaka 2014, tarehe 12 Februari, maelfu ya watu waliungana kucheza Red moja kwa pamoja mtandaoni, kila mtu akiandika amri yake, kwenye ile Twitch Plays Pokémon. Mhusika wao alikuwa akizunguka kama mlevi. Na kwa kuwa amri ziligongana, kila mara begi lilifunguka na Helix Fossil ikachaguliwa, katikati ya pambano, pasipo faida yoyote. Mchezo unajibu kwamba huu si wakati wake. Wanachagua tena. Wakaanza kusema wanakiomba ushauri. Kikawa mungu wao! Baada ya siku 16 walimaliza gemu, na kile kisukuku kilikwisha kufufuliwa na kukua kuwa Omastar kwenye timu yao. Ninawauliza: kwa nini hawakuabudu Pikachu? Kwa nini hawakuabudu joka? Waliabudu jiwe lililokaa kwenye begi bila kufanya lolote.

Sword na Shield ziliuvunja utaratibu huu. Visukuku vya Galar, eneo la gemu hizo, si aina ya mawe, na vinafufuliwa kwa kuunganisha nusu ya mnyama huyu na nusu ya yule. Dracovish kichwa chake kimebandikwa kwenye mkia wa mwenzake! Watu walichukia. Mimi nilicheka sana, kwa sababu Galar imechorwa kwa mfano wa Uingereza, na Waingereza hilo walilifanya kweli. Gideon Mantell alipokuwa akiikusanya mifupa ya Iguanodon karne ya 19, alichukua mwiba wa kidole gumba akauweka puani kama pembe ya kifaru. Sanamu zilizojengwa hivyo mwaka 1854 bado zimesimama London, na pembe yao puani. Lakini kuwanyima viumbe wale aina ya mawe, hapo waundaji wamenikwaza. Wamewatoa nyumbani kwao.

Aliyenifariji ni Relicanth. Huyu ni samaki, maji na mawe, na hakufufuliwa na mtu. Pokédex inasema hajabadilika kwa miaka milioni 100. Mfano wake ni silikanti, samaki ambaye wataalamu walimjua kwenye mawe tu, wakaamini alitoweka pamoja na dinosaria. Mwaka 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, mwanamke aliyekuwa akitunza jumba dogo la makumbusho Afrika Kusini, akamkuta katikati ya samaki wa mvuvi. Ameletwa asubuhi ileile. Silikanti hakuwa na habari kwamba ametoweka.

Na katika Ruby na Sapphire, bila Relicanth hufiki kwa Regirock. Lazima uwe naye na Wailord, uende chini ya bahari, kwenye chumba chenye maandishi ya nukta nundu, yale wanayoyasoma wasioona kwa vidole. Gemu ya watoto iliwataka watu wajifunze nukta nundu ili kumfikia jiwe! Regirock mwenyewe, wanasema, kila jiwe la mwili wake limetoka sehemu tofauti ya dunia. Akivunjika anaokota mengine anajiziba.

Wapo nisiowapenda, sitawadanganya. Probopass na masharubu yale, hapana. Nosepass alikuwa na heshima yake: pua moja, inaelekea kaskazini, basi. Kwa nini tukamwongezea masharubu na kofia? Stonjourner naye ni mawe ya Stonehenge yaliyopewa miguu, na nikimtazama naona kazi iliyofanyika saa za mwisho kabla ya kufunga ofisi. Lunatone na Solrock nawaheshimu kwa mbali. Shuckle, kwa upande mwingine, nitamtetea mpaka sauti ikauke: ulinzi 230 wa kila namna, mashambulizi 10, kasi 5. Hawezi kumuumiza mtu, hawezi kukimbia, na amejifungia ndani ya gamba anatengeneza juisi.

Niishie kwa kijana wa nyumba, Garganacl, wa mwaka 2022. Ni mnara wa chumvi ya mawe. Hana haraka, kasi yake 35. Hapigi sana. Ana pigo linaloitwa Salt Cure, anakupaka mara moja, na kila zamu unapoteza sehemu moja ya nane ya uhai wako. Yeye anajiponya kwa Recover, anakutazama. Lakini kuna wawili ambao chumvi hiyo huwala mara mbili, robo nzima kila zamu. Mnajua ni nani? Maji na chuma. Maji! Yale yaliyoanza kuvunja mawe tangu 1996. Na chuma, yule mgeni wa 1999. Miaka yote hiyo wametuvunja, na jiwe halikujifunza ngumi wala halikuongeza mwendo. Lilikuja na chumvi, likakaa palepale. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilisimama kwenye kiti, na nina mashahidi.

Haya, maswali. Naona tayari mikono ya wenye Charizard iko juu, na najua mtakachouliza. Ndiyo, tangu Sword na Shield kuna Heavy-Duty Boots. Mvalisheni, hataguswa na mawe yaliyotegwa. Lakini akivaa viatu hivyo hashiki kitu kingine chochote, kwa hiyo bado mmelipa. Swali la kwanza, dada yangu wa pale nyuma.